Kompyuta ni mtoto wa fizikia, na wakimbizi walikuwepo siku ya kuzaliwa



Jumamosi iliyopita kikao chetu kilitaka kugeuka ugomvi. Mwenzetu mmoja, aliyesoma mat-fizike na kupata diploma yake ya Etati akiwa hapa hapa kambini, amepata nafasi ya kuomba chuo. Chuo chenyewe kinafuata mtindo wa Kimarekani: unachagua somo kuu, halafu ukitaka unaongeza somo dogo la pembeni, kama kozi tano au sita hivi. Yeye anataka fizikia iwe somo kuu na sayansi ya kompyuta iwe somo dogo. Basi watu wakamrukia. Mmoja akasema, "Fizikia utaila na nini?" Mwingine akasema, "Chukua kompyuta tupu, bwana. Hayo mengine ni ya Wazungu wenye maabara." Mwisho Papa mmoja tunayemheshimu sana akasema taratibu, "Mwanangu, mkimbizi hasomi anachokipenda. Anasoma kitakachomtoa."

Mwenzetu hakujibu. Sisi wengine pia tulikosa la kusema, maana Papa hajakosea. Wote tunawajua waliomaliza masomo na leo wanapanga foleni ya mgao kama zamani. Na fomu inafungwa mwisho wa mwezi huu.

Tukaona tusibishane kwa mdomo tu. Tuligawana kazi, tukasoma historia ya masomo haya mawili: yalikutana wapi, nani waliyakutanisha, na yaliwafikisha wapi. Tulidhani tutakuta habari za matajiri wa California. Kumbe tulikuta wakimbizi, wanawake waliosahauliwa, na jiwe lililotoka Katanga.

WAKATI KOMPYUTA ILIKUWA MTU

Zamani, kwa Kiingereza, neno kompyuta lilikuwa jina la mtu anayepiga hesabu. Ilikuwa kazi ya mshahara kama ukarani. Na waliohitaji watu hao zaidi ni wanafizikia na wanajimu.

Kwa nini? Kwa sababu fizikia ina shida moja ya tangu zamani. Unaweza kuandika kanuni ya kitu ikakaa mstari mmoja, lakini kupata jibu lake ukashindwa. Newton alionyesha jinsi sayari moja inavyolizunguka jua, na hesabu ikatoka safi. Ongeza sayari ya pili inayoivuta ile ya kwanza, na hapo huna tena kanuni fupi ya kukupa jibu. Inabidi uende hatua kwa hatua: leo iko hapa, kesho itakuwa pale, keshokutwa pale, namba juu ya namba.

Ndivyo walivyofanya Wafaransa watatu miaka ya 1757 na 1758. Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na mwanamke mmoja, Nicole-Reine Lepaute, walikaa mezani miezi mingi wakipiga hesabu ya kurudi kwa nyota yenye mkia ya Halley, ambayo njiani inavutwa na Mshtarii na Zohali. Wakatangaza kwamba itapita karibu na jua katikati ya Aprili 1759, na kwamba wanaweza kukosea kwa mwezi mmoja. Ilipita tarehe 13 Machi. Kwa hesabu ya mkono, hiyo ni ajabu. Lakini Clairaut alipoandika kitabu chake baadaye, hakumtaja Lepaute. Lishikeni jambo hilo, maana litarudi.

1933: WANAFIZIKIA WANAFUNGASHA

Aprili 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka, Ujerumani ilitoa sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika kazi za serikali. Vyuo vikuu vilikuwa vya serikali, kwa hiyo maprofesa nao wakafukuzwa. Einstein alikuwa safarini Marekani wakati Hitler aliposhika madaraka. Hakurudi tena kuishi Ujerumani. Hans Bethe alipoteza kazi kwa sababu mama yake alikuwa na asili ya Kiyahudi. Leo Szilard, Mhungaria aliyekuwa Berlin, alipanda treni akaondoka. Alipofika London alihangaika kuunda kamati ya kuwasaidia wasomi waliofukuzwa, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Ernest Rutherford, mkubwa wa fizikia wa Uingereza. Yaani mkimbizi aliyetangulia alikuwa anawatafutia nafasi wanaofuata. Nasi tunalijua jambo hilo, maana ndivyo tunavyoishi humu.

Italia ikafuata. Mwaka 1938 Mussolini naye alitoa sheria za ubaguzi. Enrico Fermi alikuwa na mke Myahudi, Laura. Mwaka huo huo Fermi alipewa tuzo ya Nobel, na familia nzima ikaruhusiwa kwenda Stockholm kuipokea. Baada ya sherehe hawakurudi Roma. Walipanda meli kwenda New York. Tuliposoma hapo mwenzetu mmoja alicheka, akasema, "Hata Nobel ilikuwa kibali cha kusafiria."

Stanislaw Ulam, mwanahesabu wa Poland, aliondoka na mdogo wake Agosti 1939, siku chache kabla ya vita. Karibu familia yake yote iliyobaki iliuawa. John von Neumann alitoka Hungaria, na mke wake Klara pia.

Wakubwa zetu wa mashirika, hapa kuna habari inayowahusu. Mwaka 1933 Einstein alihimiza iundwe kamati ya kuwasaidia waliokimbia, na kamati hiyo ndiyo mwanzo wa shirika la International Rescue Committee tunalolijua leo. Na ule udhamini wa masomo unaoitwa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 na UNHCR kwa pesa za serikali ya Ujerumani, unabeba jina la Albert Einstein. Nchi iliyomfukuza inasomesha wakimbizi kwa jina lake. Tumeomba DAFI miaka mingi bila kujua kwamba inabeba jina la mwanafizikia mkimbizi.

JIWE LA SHINKOLOBWE

Tarehe 2 Agosti 1939 Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani. Szilard ndiye aliyeiandaa. Ilionya kwamba urani inaweza kutengeneza bomu la aina mpya, na ikasema kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani kiko Congo ya Wabelgiji. Hapo ni Shinkolobwe, karibu na Likasi, eneo la Katanga.

Mgodi ule ulikuwa wa kampuni ya Union Minière. Urani yake haikuwa ya kawaida: kuna mawe ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa oksidi ya urani, wakati migodi mingine duniani ilishukuru kupata chini ya asilimia moja. Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, aliona vita inakuja, na mwaka 1940 akasafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mpaka New York. Yakakaa kwenye ghala la Staten Island mpaka wanajeshi wa Marekani walipokuja kumwona mwaka 1942. Sehemu kubwa ya urani iliyoichoma Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwenye udongo wetu.

Jina la Sengier limo vitabuni, na Marekani ilimpa nishani. Watu walioyachimba mawe yale, wakayashika kwa mikono, wakayabeba kwenye magunia, majina yao hayamo. Miongoni mwetu wapo waliotoka Katanga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufundishwa habari hii darasani.

Hatuleti habari hii kwa ajili ya kujisifu. Ni habari ya uchungu. Lakini bila mawe hayo huwezi kueleza vizuri kilichofuata, yaani kwa nini fizikia ilihitaji kompyuta haraka namna ile.

LOS ALAMOS NA MASHINE YA TANI 30

Mwaka 1943 Marekani ilifungua maabara ya siri juu ya mlima huko Los Alamos, jimbo la New Mexico. Bethe, mkimbizi, akapewa uongozi wa kitengo cha nadharia. Hesabu zilikuwa nyingi kupita kiasi. Mwanzoni zilipigwa na watu, wengi wao wanawake, baadhi wakiwa wake za wanasayansi, kila mmoja na kimashine chake cha mezani. Mwanafizikia kijana Richard Feynman aliwapanga kwa mstari: huyu anajumlisha tu, huyu anazidisha tu, kadi inapita mkono kwa mkono. Kwa mpango huo wakawa wanakwenda karibu sawa na mashine za kadi za IBM. Tofauti ni kwamba mashine haichoki usiku.

Wakati huo huo, Philadelphia, ilikuwa inajengwa mashine nyingine ya jeshi, ENIAC. Mmoja wa waliyoibuni, John Mauchly, alikuwa mwalimu wa fizikia aliyetaka mashine ya kumsaidia kuelewa hali ya hewa. Mwenzake, Presper Eckert, alikuwa mhandisi wa umeme. ENIAC ilikuwa na valvu karibu 18,000, uzito wa tani 30 hivi, na ilifanya majumlisho 5,000 kwa sekunde moja. Wanawake sita ndio waliokuwa wanaipanga ifanye kazi, kwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Ilipoonyeshwa kwa waandishi wa habari Februari 1946, watu walisifu mashine na wanaume waliyoijenga.

Na hesabu kubwa ya kwanza kupewa ENIAC ilitoka wapi? Ilitoka Los Alamos. Ilikuwa hesabu ya fizikia, ya bomu la haidrojeni. Kompyuta ya elektroni ilianza maisha yake ikiwa mtumishi wa fizikia, na bwana wake wa kwanza alikuwa vita. Hilo hatulifichi.

KARATA ZA ULAM NA PROGRAMU YA KLARA

Mwaka 1946 Ulam alikuwa anapona ugonjwa, anacheza karata peke yake kitandani. Akajiuliza: mchezo huu unashindika mara ngapi? Alijaribu kupiga hesabu, ikawa ndefu mno. Halafu akafikiri: kwa nini nisicheze mara mia, nihesabu nimeshinda mara ngapi?

Wazo hilo ni jepesi, hata watoto wa darasa la tano tumewaonyesha. Chora mraba chini, mita moja kwa mita moja, na ndani yake duara linalogusa pande zote nne. Tupa punje 1,000 za maharage bila kulenga, hakikisha zinasambaa kila sehemu ya mraba. Hesabu zilizoangukia ndani ya duara. Utapata karibu na 785. Gawa kwa 1,000, zidisha kwa 4, unapata karibu 3.14, ile pai ya shuleni. Umepata jibu la jiometri kwa kutupa maharage. (Tulizirudisha kwenye sufuria, msiwe na wasiwasi.)

Ulam alimweleza von Neumann. Waliona kwamba nutroni inayopita ndani ya urani ni kama punje ya maharage: mara inagonga, mara inapita, mara inapasua atomu. Huwezi kujua moja itafanya nini, lakini ukifuatilia maelfu, utajua kundi zima litafanya nini. Nicholas Metropolis akaipa njia hiyo jina la Monte Carlo, mji wa kamari.

Aliyeandika programu yenyewe kwa ajili ya ENIAC mwaka 1948 ni Klara von Neumann. Huyu mama hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuja Marekani kutoka Budapest, akajifundisha kazi hii wakati hakuna shule yoyote ya kuifundisha. Leo Monte Carlo inatumika kupanga mionzi ya kutibu saratani, kukadiria hatari za fedha, na hata kutengeneza picha za filamu.

SPRINGI ZA MARY

Sasa tunafika kwa mtu aliyetugusa kuliko wote. Mwaka 1953, Los Alamos ikiwa na mashine mpya iitwayo MANIAC, Fermi, Ulam na John Pasta walitaka kuitumia kwa swali la fizikia tupu, lisilo la bomu. Fikirini mnyororo wa vitu 64 vilivyounganishwa kwa springi. Springi zenyewe si kamilifu. Zina ukaidi kidogo, ukizivuta sana hazifuati sawasawa kanuni tuliyosoma sekondari. Ukiutikisa mnyororo kwa mtindo mmoja, je, nguvu ile itakwenda wapi? Kila mtu alitegemea kwamba itasambaa polepole kwenye mitikisiko yote, kama chumvi kwenye mchuzi, na haitarudi tena.

Haikuwa hivyo. Nguvu ilienda kwenye mitikisiko michache, ikacheza cheza, halafu karibu yote ikarudi pale ilipoanzia. Ni kama chumvi ijikusanye tena yenyewe kwenye kijiko. Hakuna aliyelitegemea. Fermi alifariki Novemba 1954 na ripoti ikatoka 1955. Kutokana na swali hilo, mwaka 1965 Zabusky na Kruskal walieleza mawimbi yanayosafiri bila kuvunjika, wakayaita solitoni. Hiyo springi ya MANIAC inahesabiwa kuwa moja ya majaribio ya kwanza kabisa ya fizikia yaliyofanyika ndani ya kompyuta, bila meza ya maabara.

Aliyeandika programu hiyo ni Mary Tsingou. Alizaliwa Marekani mwaka 1928 kwa wazazi Wagiriki. Akiwa mtoto familia ilihamia Bulgaria, na mwaka 1940 vita ikawarudisha Marekani. Alisoma chuo, akaingia Los Alamos mwaka 1952. Katika ripoti ile hakuwekwa kwenye majina ya waandishi. Alishukuriwa kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Miaka zaidi ya 50 dunia nzima ililiita tatizo hilo kwa majina matatu ya wanaume. Mwaka 2008 mwanafizikia Mfaransa Thierry Dauxois aliandika kudai haki yake, na sasa wengi wanaongeza jina la Tsingou.

Mnaona? Lepaute 1759, wanawake wa ENIAC 1946, Tsingou 1955. Ni hadithi moja inajirudia. Dada zetu, mkiandika programu, andikeni na jina lenu juu yake.

MTOTO ANAHAMA NYUMBANI

Baadaye kompyuta ilipata nyumba yake. Mwaka 1947 wanafizikia wa Bell Labs walitengeneza transista, kidude kidogo kilichochukua nafasi ya valvu, wakapata Nobel ya fizikia mwaka 1956. Mwaka 1953 chuo cha Cambridge kilianza kutoa diploma ya kompyuta, na mwaka 1962 chuo cha Purdue kikafungua idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta Marekani. Kumbe somo lenyewe ni changa! Baadhi ya bibi na babu zetu humu kambini wana umri kuliko idara hiyo.

Lakini mtoto hakuacha kurudi nyumbani. Tim Berners-Lee alisoma fizikia Oxford, akamaliza 1976. Wazazi wake wote wawili walikuwa wanahesabu waliofanya kazi kwenye kompyuta za mwanzo. Akaajiriwa CERN, maabara kubwa ya fizikia karibu na Geneva, ambako wanasayansi wa nchi nyingi walishindwa kupata karatasi za wenzao kwa sababu kila mmoja ana mashine tofauti. Machi 1989 akaandika pendekezo la kuziunganisha. Hiyo ndiyo wavuti tunayofungulia kila kitu leo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia nzima bure. Aprili 2019 picha ya kwanza ya shimo jeusi ilitolewa, na kuipata ilibidi wanajimu na watu wa kompyuta wakae meza moja. Mwaka 2024 Nobel ya fizikia ilikwenda kwa John Hopfield na Geoffrey Hinton kwa kazi yao kwenye mitandao ya neva bandia, msingi wa hizi akili bandia mnazochati nazo usiku.

Na kwetu je? Mwaka 1959 kinu cha nyuklia cha utafiti kiliwashwa kwenye chuo cha Lovanium, mjini Kinshasa. Kilikuwa cha kwanza Afrika nzima. Watu wengi hudhani Congo imetoa mawe tu. Hapana, palikuwa na maabara pia. Lakini ni kweli kwamba mawe ndiyo yanayoendelea kutoka kwa wingi: koltani ya Kivu inatoa tantali inayokaa ndani ya simu, kobalti ya Katanga na Lualaba inakaa ndani ya betri. Baadhi yetu tumekimbia kwa sababu ya ardhi hiyo hiyo yenye madini. Simu unayosomea haya ina kipande cha nyumbani.

SASA TUMJIBU MWENZETU

Papa alisema mkimbizi anasoma kitakachomtoa. Tunaheshimu neno hilo. Tunaomba kuongeza mambo matatu tu, kwa adabu.

La kwanza, watu tuliowataja walikuwa wakimbizi, na si kwamba walikuwa na utulivu kuliko sisi. Ni kweli walikimbia wakiwa wamesoma tayari, na walikuta milango ambayo kwetu imefungwa. Szilard hakuambiwa aombe kibali cha kutoka kambini. Tofauti hiyo ni kubwa na hatutaki kudanganyana. Lakini Klara hakuwa na shahada, na aliingia kwenye kazi mpya kwa sababu alikuwa mahali ambapo masomo mawili yanakutana na watu bado ni wachache.

La pili, maabara. Aliyesema fizikia ni ya wenye maabara alisema kweli ya zamani. Tangu zile springi za Mary, sehemu ya fizikia inafanyika kwa kompyuta tu. Laptopu ya zamani kabisa kwenye chumba chetu ina nguvu kuliko MANIAC mara nyingi sana. Tumejaribu wenyewe: kwa lugha ya Python, programu ya springi 64 haizidi kurasa mbili, na ile chumvi inarudi kwenye kijiko mbele ya macho yako. Kwa mtu asiye na maabara, hilo somo dogo la kompyuta ndilo linaloleta maabara.

La tatu, kompyuta bila fizikia nayo ina upofu wake. Mnakumbuka chumba chetu kilivyozimika miezi miwili? Tulipewa betri ya volti 12, saa-ampea 100. Waliotufungia walituambia tu, "Inatosha." Tukawasha laptopu sita, kila moja wati 50, kuanzia asubuhi. Sisi tuliojua kompyuta tulikuwa tunaweka programu mpya na kupanga zamu. Ni huyu huyu mwenzetu wa mat-fizike aliyechukua chaki: 12 mara 100 ni wati-saa 1,200, laptopu sita ni wati 300, kwa hiyo ni saa nne mpaka betri ikauke kabisa. Na betri ya aina ile ukiikausha kila siku inakufa. Uitumie nusu, yaani saa mbili, na zaidi ya hapo utegemee jua. Betri ilikuwa imeshakufa wakati anaandika. Hesabu hiyo ingefanywa siku ya kwanza, vijana 40 wasingekosa masomo. Tangu ile ya pili ilipokuja, tunafuata ubao wake, na mpaka leo inadumu.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kama unachotaka ni kutengeneza programu za simu na tovuti, basi fanya kompyuta iwe somo kuu, hakuna ubaya, na ajira zake za mtandaoni ni nyingi zaidi. Lakini kama moyo wako uko kwenye kuelewa jua, maji, hewa, umeme na mionzi, fizikia ikiwa somo kuu na kompyuta somo dogo si kupoteza muda. Kwenye hizo kozi chache, anza na misingi ya kuandika programu, kisha miundo ya data na algorithimu, halafu hesabu za namba kwa kompyuta, na takwimu ukiipata. Njia za mbele zipo: nishati ya jua, hali ya hewa, vipimo vya hospitali, uchambuzi wa data. Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, alianzisha mwaka 1964 kituo cha Trieste, Italia, kwa ajili ya wanafizikia wa nchi zetu maskini, na leo kituo hicho kina taasisi mwenza Kigali, kwenye Chuo Kikuu cha Rwanda. Si mbali kama tunavyodhani.

Jana jioni tulimsomea Papa andiko hili kabla ya kulituma. Alisikiliza mpaka mwisho. Alipofika kwenye Shinkolobwe alituomba tusome tena, kwa sababu baba yake alifanya kazi Union Minière. Halafu akauliza, "Huyo mtoto, fomu yake inahitaji nini?" Tukamwambia kinachokosekana ni barua ya mtu mzima anayemfahamu, inayothibitisha tabia yake. Akasema tumletee kalamu.

Jumamosi hii saa nne asubuhi, chumba cha kompyuta kitakuwa wazi. Tutaandika pamoja programu ya springi za Mary Tsingou, kuanzia mstari wa kwanza. Njooni mapema. Laptopu ni sita, na betri ni saa mbili.